Kero, Ombi na Dai: Uhakiki wa Safari ya Neno la Mkazi kuelekea kwa Diwani katika Miji ya Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili nchini Uganda umeelekezwa zaidi shuleni, bungeni na kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makala haya yanauhamishia mjadala huo mahali padogo zaidi, yaani pale mkazi wa mtaa anapomfikishia diwani wake jambo linalomsumbua. Miji ya Arua na Koboko, iliyoko West Nile, imeteuliwa kwa sababu ni maeneo ambamo Kiswahili kimekuwa kikisemwa kwa zaidi ya karne moja bila ya kupewa kazi rasmi ya kiutawala. Kwa kuzingatia sheria za serikali za mitaa, historia ya neno baraza na uchambuzi wa maumbo ya vitenzi, makala yanaonesha kwamba kasoro kuu haiko katika lugha anayoitumia mkazi kusema, bali iko katika namna maneno yake yanavyoandikwa na kujibiwa. Aidha, yanaonesha kwamba kubadilisha lugha ya kumbukumbu kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hakutaiondoa kasoro hiyo iwapo mtindo wa uandishi utabaki uleule. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera na wanaistilahi.

1. Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi na kuwa jiji, pamoja na miji mingine ya Uganda kama vile Gulu, Mbarara, Jinja na Mbale. Jiji hilo liligawanywa katika divisheni mbili, Arua ya Kati na Ayivu. Kabla ya hapo, Manispaa ya Arua ilikuwa na divisheni ya Arua Hill na ile ya River Oli, na wodi za River Oli ziliitwa Kenya, Tanganyika na Pangisha. Majina haya yanastahili kutazamwa na mtafiti wa lugha. Mawili ni ya nchi ambako Kiswahili kina wasemaji wengi, na la tatu lina umbo la kitenzi cha Kiswahili kinachohusu nyumba za kupanga. Katika eneo ambalo lugha zake za asili si za Kibantu, mitaa imebeba majina haya katika ramani rasmi, ilhali daftari la ofisi inayoisimamia mitaa hiyo halijaandikwa kwa lugha iliyotoa majina hayo.

Koboko iko kaskazini mwa Arua, karibu na mahali mipaka ya Uganda, Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana. Wilaya ya Koboko ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005, na mji wake sasa ni manispaa. Mkazi wa kawaida wa miji hii miwili husikia lugha nyingi kwa siku moja: Lugbarati, ambayo ni ya tawi la Sudani ya Kati, Kikakwa, ambacho ni cha Kinailoti cha Mashariki, Kinubi, ambacho ni krioli iliyotokana na Kiarabu, Kiarabu cha Juba, Lingala, Kiswahili na Kiingereza. Sokoni lugha hizi hukaa pamoja bila ugomvi. Ugumu hujitokeza pale jambo la mtaani linapotakiwa kupanda ngazi za serikali.

Swali linaloulizwa na makala haya ni hili: neno la mkazi linapotoka kinywani mwake na kufika katika kumbukumbu za halmashauri, kitu gani hubaki na kitu gani hupotea? Uhakiki huu unajikita katika muundo wa sheria, umbo la vikao na maumbo ya lugha yenyewe. Mifano ya sentensi iliyotumika imetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

2. Ngazi za Halmashauri na Mahali Lugha Inapobadilika

Mfumo wa sasa wa serikali za mitaa nchini Uganda una asili yake katika Halmashauri za Upinzani zilizoenea nchini baada ya mwaka 1986. Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ziliupa mfumo huo sura yake ya sasa, na halmashauri zikajulikana kwa herufi LC zikifuatwa na namba ya ngazi. LC1 ni ya kijiji au seli, LC2 ni ya parishi au wodi, na LC3 ni ya kaunti ndogo, mji mdogo au divisheni. LC5 ni ya wilaya, na jiji huwekwa katika ngazi hiyohiyo. Ngazi mbili za chini ni vitengo vya kiutawala tu. Madaraka ya kupanga bajeti na kutunga sheria ndogo huanzia ngazi ya kaunti ndogo au divisheni.

Mpangilio huu una matokeo ya moja kwa moja kwa mkazi. Mtu aliye karibu naye zaidi, ambaye ni mwenyekiti wa LC1, ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kulitatua jambo. Mwenyekiti huyo hana mshahara, na posho yake imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, baada ya uchaguzi wa 2001, ngazi za LC1 na LC2 hazikuchaguliwa tena hadi tarehe 10 Julai 2018, wapiga kura walipopanga mstari nyuma ya wagombea wao. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 17, mlango wa kwanza ambao mkazi aliugonga ulikuwa wa kiongozi ambaye muda wake ulikuwa umekwisha. Kutoka hapo jambo hupelekwa kwa diwani wa divisheni, mwenye kiti katika baraza lenye bajeti.

Kati ya ngazi hizi mbili ndipo lugha hubadilika. Kikao cha seli huendeshwa kwa lugha ya waliohudhuria. Mwenyekiti wa LC1 husikiliza kwa Lugbarati, hujibu kwa Kiswahili akiwa na mpangaji aliyetoka ng'ambo ya mpaka, kisha humalizia kwa Kinubi na mzee wa jirani. Katika divisheni, jiji na manispaa, bajeti, mipango ya maendeleo na kumbukumbu za vikao kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Sheria humtaka mwenyekiti wa wilaya awe na elimu ya kiwango cha juu cha sekondari au inayolingana nayo, lakini haimwekei diwani sharti la namna hiyo. Uamuzi huo ni wa kidemokrasia, kwa kuwa unamruhusu mchuuzi au mkulima kugombea. Hata hivyo, unamweka diwani katika hali ya kuwa mkalimani asiyetambuliwa, kwa sababu anapokea jambo kwa lugha moja na hutakiwa kulitetea mbele ya nyaraka zilizoandikwa kwa lugha nyingine.

3. Baraza: Neno Moja, Historia Mbili

Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilianzisha, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, programu ya mikutano ambayo maofisa huwaeleza wananchi wa kaunti ndogo fedha zilizopokelewa na kazi zilizofanyika, kisha wananchi huuliza maswali. Programu hiyo iliitwa Baraza. Kwa mtetezi wa Kiswahili, uteuzi wa jina hilo ni wa kujivunia, maana katika nchi ambayo lugha yake kuu ya kiofisi ni Kiingereza, chombo cha kuwajibishana kilipewa jina la Kiswahili. Lakini jina hilo lina historia mbili, na inafaa kuuliza ni ipi iliyochukuliwa.

Katika historia ya kwanza, baraza ni kibao cha mawe au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa au Zanzibar. Majirani hukaa hapo kwa usawa, mpita njia husalimu na kukaribishwa, na mazungumzo hayana ajenda iliyoandikwa na mtu mmoja. Katika historia ya pili, baraza ni mkutano ulioitishwa na mtawala. Wakati wa ukoloni, wakuu wa wilaya na machifu katika Afrika Mashariki waliitisha baraza ili kutangaza kodi, amri na adhabu, na nchini Kenya baraza la chifu liliendelea baada ya uhuru. Katika baraza la aina ya kwanza kila aliyeketi anaweza kuanzisha mazungumzo. Katika la pili, mwenye kuita ndiye mwenye kuanza, na wengine hujibu au huuliza wakiruhusiwa.

Baraza la 2009 liliahidi moyo wa historia ya kwanza kwa kutumia umbo la historia ya pili. Tarehe hupangwa na ofisi, meza kuu ni ya maofisa, taarifa hutangulia na maswali hufuata. Haitakuwa haki kulibeza kwa sababu hiyo tu, kwani ofisa anayelazimika kusoma hesabu za kisima au barabara mbele ya watu wanaokitumia kisima hicho amewekwa mahali ambapo hangependa kuwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika mwaka huohuo, mnamo Septemba, mijadala ya hadhara ya redio iliyojulikana kwa Kiganda kama ebimeeza ilipigwa marufuku. Jina hilo nalo lina uhusiano na neno meza, linalofahamika pia katika Kiswahili. Hivyo ndani ya mwaka mmoja, jukwaa ambalo raia walichagua wenyewe cha kusema lilifungwa, na jukwaa ambalo raia huuliza baada ya kuelezwa likafunguliwa.

Katika Arua, redio imeendelea kuziba sehemu ya pengo hilo. Radio Pacis, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutunukiwa tuzo ya redio za Afrika ya BBC mwaka 2007, hutangaza kwa lugha kadhaa za West Nile. Kupitia redio, jambo la mtaani linaweza kusikika katika wilaya nzima kwa lugha ya aliyelisema. Pamoja na hayo, redio haina wajibu wa kuweka daftari la halmashauri. Sauti husikika, kisha hupita. Mkazi aliyesikika redioni na mkazi aliyesimama barazani hukutana katika tatizo moja: hakuna hata mmoja wao mwenye kipande cha maandishi ambacho anaweza kukirudia baada ya miezi sita na kusema, hili ndilo lililosemwa na hili ndilo lililojibiwa.

4. Kinachopotea kati ya Kinywa na Daftari

Ili kulifafanua tatizo hilo, sentensi ifuatayo, inayoweza kusemwa na mkazi yeyote wa mtaa wenye mfereji mbovu, inatosha: "Mfereji wa hapa kwetu umeziba tangu mvua zilipoanza, maji yanatuingilia ndani, na mlituahidi kuuzibua." Kwa mtindo wa kumbukumbu za kikao, jambo hilohilo likiandikwa kwa Kiingereza na kisha kurejeshwa katika Kiswahili, husomeka hivi: "Mjumbe aliibua suala la mifereji. Mwenyekiti alilipokea."

Ulinganishaji wa matini hizi mbili unadhihirisha hasara nne. Kwanza, mtendewa ameondoka. Kitenzi "yanatuingilia" kimebeba kiambishi cha mtendewa -tu- na mnyambuliko wa kauli ya kutendea, kwa hiyo madhara na wanaodhurika vimo ndani ya neno moja. "Suala la mifereji" halimdhuru mtu yeyote. Pili, mwenye wajibu ameondoka. Katika "mlituahidi" kuna aliyeahidi, wakati uliopita na waliopewa ahadi. Katika "suala liliibuliwa" hakuna aliyewahi kuahidi chochote, na jambo linaonekana kuwa jipya kila linapoandikwa. Tatu, mahali pametoweka, kwani "mfereji wa hapa kwetu" umekuwa "mifereji", na bajeti haiwezi kuzibua mifereji ya jumla. Nne, muda umefutwa. Bila ya "tangu mvua zilipoanza", hakuna anayeweza kupima kuchelewa.

Mtu anaweza kuhitimisha haraka kwamba dawa ni kuandika kumbukumbu hizo kwa Kiswahili. Hitimisho hilo halitoshi, na ni muhimu lipingwe na wanataaluma wa Kiswahili wenyewe. Kiingereza kina uwezo kamili wa kusema nani aliahidi, lini na wapi. Kilichoziondoa habari hizo ni mtindo wa kiofisi unaopenda nomino kuliko vitenzi na kauli ya kutendwa kuliko ya kutenda. Mtindo huo umekwisha kujijenga katika Kiswahili cha ofisini pia. Nyaraka za Kiswahili zilizojaa "changamoto zilizobainishwa", "masuala yaliyoibuliwa" na "mchakato unaoendelea" zinaweza kumficha mwenye wajibu kwa ustadi uleule. Lugha inayojivunia kubeba mtenda, njeo na mtendewa katika kitenzi kimoja inaweza kutumiwa na karani kwa namna ambayo haibebi lolote kati ya hayo.

Hasara hii ina upande wa kisheria. Mwaka 2005 Uganda ilipitisha mambo mawili ambayo hayajakutanishwa ipasavyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Katika mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari, inayompa raia haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa vyombo vya dola. La kwanza lilihusu lugha, na la pili lilihusu daftari. Mkazi wa Koboko mwenye haki ya kulisoma daftari lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma, katika mtindo usiomtaja, amepewa ufunguo wa nyumba ambayo vitu vyake havimo.

5. Kero, Ombi na Dai

Iwapo Kiswahili kitapewa kazi katika halmashauri za Uganda, istilahi zitatafutwa, na njia rahisi itakuwa kuzichukua kutoka kwa majirani. Hatua hiyo inahitaji tahadhari, kwa sababu kila jina linalopewa jambo la mkazi lina mtazamo ndani yake.

Neno lililoenea katika siasa za Tanzania ni kero. Viongozi husikiliza kero, huzipokea na huahidi kuzitatua. Neno hili linahusiana na kitenzi kera, na kwa hiyo linaelezea hali ya moyo wa aliyeudhika. Linavutia kwa wepesi wake na kwa kuonesha kwamba kiongozi anajali. Udhaifu wake ni kwamba kilichoudhi kinaweza kutulizwa bila ya kuondolewa. Mkutano wa kusikiliza kero unaweza kuhesabiwa kuwa umefanikiwa pale kero zinapokuwa zimesikilizwa. Lalamiko lina nguvu kidogo zaidi, hasa likitumika katika kauli ya kutendea, kwani mtu humlalamikia mwingine. Lakini nalo husisitiza sauti ya msemaji kuliko wajibu wa msikilizaji.

Ombi huweka uhusiano wa aina nyingine. Mwombaji hutegemea hisani, na akinyimwa hana haki ya kulaumu. Tatizo ni kwamba adabu ya mazungumzo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki humtaka msemaji atumie umbo la ombi hata anapozungumzia haki yake. Anayesimama mbele ya wakubwa husalimu, hushukuru kwa kikao, hutaja machache yaliyofanyika vizuri, ndipo husema "tunaomba mtuangalie". Brown na Levinson, katika nadharia yao ya upole iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1987, waliieleza tabia ya namna hii kuwa ni njia ya kulinda uso wa msikilizaji. Katika baraza la mtaa, hata hivyo, uso wa msikilizaji hulindwa mara mbili: kwanza na mkazi kwa adabu yake, kisha na karani anayeichukua adabu hiyo kuwa ndiyo maana yenyewe na kuandika kwamba wakazi "waliomba". Adabu ya mkazi hugeuzwa kuwa ushahidi kwamba hakuwa na haki.

Dai ni neno la tatu, na sarufi yake ni ya pekee. Mtu anaposema "ninamdai shilingi elfu kumi", huwa ametaja mdaiwa na deni katika kirai kimoja. Anayedai ni mkopeshaji, hata awe maskini kiasi gani, na mdaiwa hafanyi hisani anapolipa. Sentensi "wakazi wanaidai divisheni mfereji uliomo katika bajeti" inaweka wazi nani anawiwa, nini na na nani. Hapa pana mtego wa kisintaksia unaopaswa kuepukwa. Kitenzi kilekile kikifuatwa na "kwamba", maana yake hugeuka na kuwa ya mashaka. Mwandishi wa habari anayeandika "wakazi wanadai kwamba mfereji umeziba" amejitenga na ukweli wa maneno yao, ingawa angeweza kwenda kuutazama mfereji. Dai lenye mtendewa hutaja deni, na dai lenye "kwamba" hutia shaka. Mwongozo wowote wa uandishi wa kumbukumbu kwa Kiswahili hauna budi kulieleza jambo hili dogo, kwani linaamua iwapo mkazi ataonekana kuwa mwenye haki au mwenye kushukiwa.

Haimaanishi kwamba kila jambo ni dai. Wakazi wanaotaka mti upandwe kando ya barabara wanaomba. Wakazi ambao kisima chao kimo katika mpango uliopitishwa na fedha zimepokelewa wanadai. Yako pia mambo ambayo diwani hana uwezo nayo. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, ikitegemea mitambo ya mafuta na, tangu 2012, kituo cha umeme wa maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Mkazi aliyemwendea diwani wake kuhusu giza la mtaa alikuwa na jambo la haki, lakini mdaiwa wake alikuwa mbali na divisheni. Kuainisha mambo haya kwa majina tofauti ni sehemu ya jibu, kwa sababu humwambia mkazi aelekee wapi.

6. Pingamizi na Mipaka ya Kiswahili

Zipo hoja tatu za msingi dhidi ya kukipa Kiswahili nafasi kubwa katika jambo hili, na hakuna hata moja inayostahili kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kihistoria. Eneo la West Nile liliingizwa Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi waliandikishwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Kwa wazee wengi, Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Lugha iliyozoeleka kuwa ya kutoa amri haigeuki kuwa ya kudai haki kwa tangazo la serikali. Inaweza kugeuka kwa matumizi, pale ambapo raia anakitumia Kiswahili kumhoji ofisa na kupata jibu.

Hoja ya pili ni ya usawa. Njia zilizokileta Kiswahili West Nile, yaani jeshi, polisi na biashara ya masafa marefu, ziliwapa wanaume fursa zaidi ya kukijua kuliko wanawake. Katiba inataka thuluthi moja ya viti vya kila halmashauri ya serikali za mitaa viwe vya wanawake. Itakuwa kinaya iwapo lugha mpya ya kumbukumbu itawafungia nje wanawake wa Ayivu wanaozungumza Lugbarati pekee, ambao sasa wamo ndani ya jiji bila ya kuhama vijiji vyao.

Hoja ya tatu inahusu Koboko hasa. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mpaka. Mkimbizi aliyetoka Yei anaweza kuzungumza Kikakwa na mwenyeji wake wa Koboko bila ya mkalimani, na kati yao Kiswahili hakina kazi. Kazi yake huonekana pale anapoingia mpangaji kutoka Kongo, mfanyabiashara kutoka Kampala au ofisa aliyehamishiwa kutoka wilaya nyingine. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba mkimbizi anayeishi mjini hana kura, ingawa anachota maji kwenye bomba lilelile na watoto wake wanavuka mfereji uleule. Diwani anayehesabu kura ana sababu ndogo ya kumsikiliza. Daftari linaloandika mahali na madhara kabla ya jina la msemaji lingeweza kumhesabu bila ya kumtaka awe mpiga kura.

Hoja hizi zinakiwekea Kiswahili mahali pake. Mkazi asilazimishwe kusema kwa Kiswahili, na Lugbarati na Kikakwa zisiondolewe katika kikao cha seli. Kazi inayokifaa Kiswahili ni ya daraja: lugha ya pili ya kumbukumbu katika mitaa mchanganyiko, masoko na vituo vya mpakani, ambako hakuna lugha moja ya asili inayowatosha wote na ambako Kiingereza kinawatosha wachache.

7. Hitimisho na Mapendekezo

Serikali ya Uganda iliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 2019, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha ufundishaji wa lazima wa Kiswahili katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizi zitazaa matunda baada ya kizazi kimoja. Mfereji ulioziba hausubiri kizazi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji kusubiri wanafunzi wahitimu.

Kwanza, kila jambo linalopokelewa katika kikao cha seli, wodi au baraza liandikwe kwa vipengele vitano visivyobadilika: mahali, madhara na wanaodhurika, tangu lini, ahadi iliyotangulia kama ipo na aliyeitoa, na tarehe ya jibu. Lugha ya uandishi itategemea mtaa, lakini vipengele vibaki vilevile. Pili, kabla ya kikao kufungwa, kilichoandikwa kisomwe kwa sauti kwa lugha ambayo msemaji anaielewa, naye apewe nafasi ya kusahihisha. Utaratibu huu hauhitaji fedha, na ndio utakaoonesha mapema pale ambapo "mlituahidi" imegeuka kuwa "suala". Tatu, vyombo vya istilahi vya Uganda, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vitunge orodha fupi ya maneno ya serikali za mitaa inayoanza na majina ambayo wakazi wa Arua na Koboko wanayatumia tayari, zikiwemo herufi LC na namba zake, na inayotofautisha ombi na dai kwa misingi ya wajibu wa kisheria. Nne, mafunzo ya Kiswahili kwa watumishi wa umma yawafikie mapema makarani wa divisheni na makatibu wa seli, maana kalamu iliyo karibu zaidi na mkazi ndiyo yao.

Watafiti wa Kiswahili wamezoea kupima maendeleo ya lugha kwa idadi ya wasemaji, vitabu na matamko ya wakuu wa nchi. Arua na Koboko zinatoa kipimo kingine, ambacho ni kidogo lakini kigumu zaidi. Mwanamke wa Oli anayerudi ofisini baada ya msimu mmoja wa mvua, akataka asomewe alichosema na alichojibiwa, anapaswa kuyakuta maneno yake yakiwa na yeye ndani yake. Pale ambapo daftari litaweza kumsomea "maji yanatuingilia", pamoja na jina la aliyeahidi na tarehe aliyoahidi, Kiswahili kitakuwa kimepata kazi West Nile. Kabla ya hapo kitabaki kuwa majina ya wodi.